Yule Mwanamke wa Kwenye Spika

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikwambie alichofanya binti yako sasa hivi. Chiriku amepanda juu ya kreti la soda, mtandio wangu ameufunga shingoni, ameruka, ametua kwa magoti, amesimama bila kulia, halafu ameweka mikono kiunoni na kuiambia feni mbovu ya Mjomba kwamba hakuja hapa kuomba ruhusa. Feni haikujibu. Akaja kuniuliza kama imeogopa, nikamwambia imeogopa sana, tazama hata haizunguki. Na pua hakuishika, dada. Hilo la pua nitakueleza mbele, maana ndilo lililonishikisha kalamu.

Sasa nikusalimu kama ulivyonifunza. Hujambo wewe, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Na goti la mama linasemaje siku hizi? Sisi huku tu wazima. Friji za watu zinaendelea kuharibika, kwa hiyo Baba Chiriku ana kazi na sisi tunakula. Mwandiko unisamehe, tangu niache shule mimi na kalamu tunaonana kwa nadra. Ningekutumia sauti kwa simu kama siku zote, lakini simu yetu ni moja, na Baba Chiriku akirudi kazini huipekua kama mkaguzi, si kwa ubaya, ni mazoea yake tu. Haya nataka uyapate wewe kwanza.

Unajua kwamba nauza tiketi kwenye ukumbi wa video wa mjomba wake Baba Chiriku, ila hujawahi kuuona. Ni chumba kirefu nyuma ya duka la vyombo vya plastiki. Kuna mabenchi, televisheni kubwa ukutani, spika mbili, na kwenye kona kipazia cheusi ambacho nyuma yake hukaa Kasuku. Huyo ndiye mtafsiri wetu. Filamu nyingi ni za lugha ya kigeni, basi yeye hupunguza sauti ya filamu, hushika maiki na kusema maneno ya watu wote peke yake: mzee, mwizi, jenerali, mtoto, hata mbwa. Akifika kwa mwanamke hubana pua kwa vidole viwili na kutoa kisauti chembamba kama mbu aliyefiwa. Watu hucheka. Sikufichi, hata mimi nilikuwa nacheka. Hapa kwetu mwanamke wa filamu akifungua kinywa, awe anazaa au anakata roho, ni kicheko tu.

Sasa mwezi huu ikaja filamu ambayo stelingi wake, yaani yule mkuu anayepigana mpaka mwisho na hafi, ni mwanamke. Anaruka angani. Kuna mahali anashika daraja kwa mikono lisianguke, na mabasi yamejaa watu juu yake.

Kabla haijafika, maneno yalitangulia. Yule mwigizaji alihojiwa akaulizwa mbona kwenye picha za matangazo hatabasamu. Akajibu kwamba alikuwa ameshikilia daraja. Akaulizwa atawaambia nini wanaume walioapa kutoiangalia, akasema wapumzike nyumbani, viti vyao watavikalia wasichana. Basi, hayo ndiyo aliyosema, Kasuku alinitafsiria neno kwa neno. Lakini klipu ilipita simu kwa simu na kila aliyeipokea akaongeza chumvi. Mara amesema wanaume wote hawana akili. Mara amesema mwanamume akiingia sinema atozwe faini. Ilipofika kwa Kinyozi, yule mwenye duka linalotazamana na dirisha langu la tiketi, ilikuwa chumvi tupu, mboga hakuna.

Kinyozi ndiye mkuu wa mashabiki hapa. Akisema filamu ni kali, benchi hujaa. Akatangaza kwamba hawezi kununua tiketi ili atukanwe, kwamba filamu ni mbovu, na akauliza mtaa mzima stelingi akiwa mwanamke, sasa ni nani atakayemwokoa. Nilimuuliza kama ameshaiona. Akasema uchafu hauhitaji kuonjwa. Siku ya kwanza ilipoonyeshwa, nani alikuwa wa kwanza dirishani kwangu? Kisebusebu na kiroho papo. Alikuja na wateja wake wote, mmoja amenyolewa upande mmoja wa kichwa, akasema upande wa pili utasubiri.

Dada, nilichoka. Walipiga miluzi tangu mwanzo. Mwanamke akianguka wanapiga makofi, akiinuka wanamwambia atabasamu. Anabeba daraja, wao wanamwambia tabasamu basi, mrembo. Hao hao juzijuzi walimshangilia mwanamume aliyenuna kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemwomba jino. Upande wa pili walikaa mafundi cherehani wa ghorofa ya juu, wao wanashangilia hata majina yanayopita mwishoni. Na nikwambie kweli, katikati pale filamu inachosha, wanazungumza sana ndani ya chombo cha angani, mimi nilisinzia. Lakini ukilisema hilo kwa mafundi wewe ni msaliti, na ukilisema kwa Kinyozi anataka kukukumbatia. Mtu huna pa kusimama na maoni yako madogo.

Kilichonichoma zaidi ni Kasuku. Alibana pua filamu nzima. Na ili kuwafurahisha akina Kinyozi akageuza na maneno. Kuna mahali yule mwanamke, damu mdomoni, anasimama mbele ya jenerali aliyemkataza kwenda kupigana. Kasuku akabana pua akamfanya amuulize jenerali kama ameshakula. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Lugha yao siijui, lakini uso ule haukuwa wa kuuliza habari ya chakula. Nilimfuata baadaye nikamuuliza pale hasa anasema nini. Akaniambia bila aibu, anasema sikuja hapa kuomba ruhusa, lakini shemeji, hilo halina soko.

Chiriku alikuwa miguuni pangu siku ile, akichungulia. Tulipofika nyumbani akajifunga mtandio, akaruka kutoka kitandani, akasimama wima kabisa, na alipotaka kusema, akabana pua. Nikamuuliza mbona unabana pua. Alinitazama kama mimi ndiye mtoto, akasema mama, si ndivyo wanawake wanavyoongea. Nilikwenda jikoni nikakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Sasa sikiliza ya Jumamosi iliyopita. Kasuku aliamka hana sauti, alikuwa ameimaliza kwenye mpira. Jenerali na wezi angeweza kuwakwaruza hivyo hivyo, tena iliwafaa, lakini akibana pua anakohoa. Mjomba alishika kichwa, tiketi zimeshauzwa. Basi filamu ikaanza, na ilipofika zamu ya yule mwanamke kusema, kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke kweli. Haikubanwa. Mwanzoni watu walicheka kwa mazoea, kisha kicheko kikakosa pa kushika. Alipomwambia jenerali kwamba hakuja kuomba ruhusa, ukumbi ulitulia hata pumzi za watu zikasikika. Ila Kinyozi hakuweza kujizuia, akapiga mluzi akasema tabasamu basi, mrembo. Na pale pale, yule wa kwenye televisheni akiwa ameinua kidevu anatazama mbele, spika ikajibu kwamba kama anataka wa kumchekea arudi dukani kwake, vioo vimejaa ukuta mzima.

Mafundi cherehani walipanda juu ya mabenchi. Hata wateja wa Kinyozi walimcheka, yule wa upande mmoja akicheka kuliko wote. Na mmoja alikuwa anarekodi.

Hayo mengine unayajua kwa sababu yalifika mpaka kwenu. Hapa mtaani wanasema Mjomba amekodi mtafsiri wa kike kutoka mbali. Lakini rekodi ilipovuka mtaa, ikawa ni mwigizaji mwenyewe ndiye aliyesema, ndani ya filamu, kwamba wanaume wakajichekee kwenye vioo. Sasa anaambiwa anawachukia vinyozi, eti alinyolewa vibaya utotoni. Kuna duka la nywele mtaa wa pili limebandika karatasi kwamba halimnyoi shabiki wa filamu ile. Yule dada wa watu yuko huko kwao, hajui hata kama Kinyozi wetu amezaliwa, na anabeba matusi ya sentensi ambayo haikutoka kinywani mwake. Na Kinyozi naye amekasirika, wateja wakiingia wanasalimia kioo kwanza. Mkuki kwa nguruwe. Amesema leo anakuja na watu wake wote, na yule mwanamke wa kwenye spika akithubutu tena, lazima atoke nyuma ya pazia amwone sura.

Baba Chiriku alirudi na rekodi ile akaicheza mezani, akairudia, akairudia tena. Akasema mwanamke huyu hana haya, na kama ana mume basi mume huyo apewe pole. Nilikuwa nampakulia. Nikampa pole yake, nikaongeza na mchuzi. Kesho yake ikaingia sauti yako, dada. Ulisema nyota huyo kichwa kimemvimba, mwanamke mwenye malezi hajibizani na wanaume hadharani, na nisimruhusu Chiriku kumtazama. Baba Chiriku aliiweka kwa sauti ya juu, akaniuliza nimemsikia dada yangu. Nikasema nimemsikia.

Basi na wewe nisikie. Yule mwanamke ni mimi.

Kasuku alinipa maiki kwa mzaha, akasema shemeji njoo unisaidie vya kike. Nilikaa kwenye kreti la soda nyuma ya pazia, ananinong'oneza sikioni maana yake, mimi nasema. Maneno ya kwanza nilikaribia kubana pua mwenyewe. Halafu nikamwona Chiriku benchi la mbele, kidole kimeshafika puani, anasubiri. Nikasema kwa sauti yangu yote. Kidole kikashuka. La vioo halikuwa la filamu, lilikuwa langu, lilinitoka kabla sijalimeza. Nililisema na sijalijutia. Ninachojutia ni kwamba mwingine anatukanwa kwa ajili yake.

Na kuna jambo linanisumbua kuliko Kinyozi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuongea, dada, mama akiwa kazini. Baba Chiriku ananisikia asubuhi na jioni. Wote wawili mmesikiliza sauti yangu na hamkunitambua. Nimelala nalo hilo. Nadhani ni kwa sababu nyumbani, na kwako pia, huwa natumia sauti nyingine, ndogo, ile ya kusema maji yameshachemka na samahani. Namcheka Kasuku na vidole vyake, kumbe mimi nimebana miaka yote, tena bila vidole.

Sikuandiki ili kukulaumu. Ulinilea na nilikua. Ila ile sauti uliyosema haina malezi, ni malezi yako. Wewe ndiye uliyemwambia mwalimu mkuu nikiwa mdogo kwamba mdogo wako hatapigwa kwa kosa la mwenzake, nawe ulikuwa na kandambili mguu mmoja. Nilidhani nimekuiga.

Leo sauti ya Kasuku imerudi. Mjomba ameniambia nichague, nikae dirishani au nikae nyuma ya pazia, na nimjibu kabla ya onyesho la saa kumi. Akasema yeye hataki ugomvi na mpwa wake, kwa hiyo la mume nilimalize mwenyewe. Nilipanga kumwambia Baba Chiriku kesho, kwa utaratibu, akiwa ameshiba. Lakini tiketi ya mwisho niliyouza nimemuuzia yeye. Ameacha friji ya watu wazi, mkononi bado ana bisibisi, amekuja kumsikia yule mwanamke asiye na haya. Nikampa tiketi kwa ile sauti ndogo. Akaniuliza kama huwa anakuja mapema. Nikasema hufika tu filamu inapoanza.

Nikikaa dirishani, Kasuku atabana pua na Chiriku atabana yake, na itakuwa imekwisha. Nikienda, mume wangu atajua benchi zima likiwa linamtazama. Naogopa. Lakini nina tumaini, dada, sijui nimelitoa wapi. Mwanamume anayeacha kazi ili aje kusikiliza, labda atasikiliza. Amekaa karibu na Kinyozi, na Chiriku amekwishatoka hapa, amempanda babake mapajani na mtandio wake shingoni.

Barua nitampa jirani anayekuja huko kesho. Ukiisoma usinijibu kwenye simu, niandikie. Na kama umekasirika andika tu umekasirika, nitajua ni wewe. Mama umpake dawa ya goti, usimwachie mwenyewe, huwa anaiweka tu dirishani. Shemeji na watoto wasalimie mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie mama mdogo anamdai busu. Mimi ni yule yule—

Kasuku ananiita, taa zimezimwa. Nimeitika nakuja. Nimeitika kwa sauti ile, dada, bila kukusudia, na kwenye upenyo wa mlango namwona Baba Chiriku amegeuza kichwa, anatazama huku, bisibisi imemdondoka, na uso wake—