Mshipi Ni Chotara

Shoga, nimekwisha.

Natoka kwa daktari wa wanyama. Nilimpelekea nyoka wangu, Mshipi, aniambie tu, kati ya nyoka wala panya, huyu ni wa aina gani. Akamgeuza, akamkagua magamba ya tumbo.

Halafu eti, "Dada, huyu ni chotara. Mtu kachanganya aina mbili."

Chotara! Na muuzaji aliniapia kwa Mungu kuwa hana mchanganyiko!

Nikauliza, je, naweza kumzalisha? Akanitazama weee. "Usithubutu. Hao watoto hakuna atakayewataka, na porini huruhusiwi kuwaachia. Utawapeleka wapi?"

Utawapeleka wapi! Nikamchukua Mshipi wangu, nikatoka mbio.

Maana unamjua yule nyoka jike wa kaka yangu. Si mimi na wewe tulimweka pamoja na Mshipi, huku unacheka? Sasa mayai aliyotaga yako kabatini kwangu, kwenye kopo la aiskrimu, nyuma ya mataulo. Daktari sikumwambia.

Nimefika nyumbani sasa hivi, nikafungua kabati.

Yai moja limepasuka. Kichwa kimechomoza, kinanitazama.

Kizuri, shoga. Kizuri mno. Ndiyo maana nalia.