Redio Inayoimba Vizuri kwa Fundi Tu

Shangazi Kokushubila, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa Gongo la Mboto, naitwa Polikarpo, nakuandikia nimeshika kichwa maana fundi ameshindwa. Nina redio yangu kubwa, yenye sabufa na spika mbili ndefu za kusimama, nimehangaika sana kuipata na mtaa mzima wanaijua, jioni nikitoka kazini nilikuwaga nafungulia rumba pale sebuleni kwangu kwenye marumaru nasahau shida zote, lakini sasa huu mwezi wa pili imegeuka, inakwaruza, mwimbaji akipandisha tu inachoma masikio utadhani mtu anaburuza sufuria sakafuni, na ukiongeza besi ndo kabisa, nyumba nzima inavuma.

Nimebadilisha waya, nimehamisha spika pembe hii na pembe ile, mwisho nikaipeleka kwa fundi Jabiri kule Mwananyamala, ambaye anafanyia kazi chumba kimoja na dada yake anayeshona mito na magodoro ya makochi, akaiwasha humohumo katikati ya magodoro, Shangazi, iliimba mpaka nikataka kulia. Nikairudisha nyumbani, ileile, kelele. Nimeirudisha kwake tena na tena, kila nikifika inaimba vizuri inaniumbua, sasa Jabiri ananiangalia kama mtu mwenye matatizo ya masikio. Kuna wiki mvua ilinyesha nikaanika mablanketi kwenye kamba sebuleni, siku hizo sauti ikapoa kidogo, yalipokauka nikayatoa ikarudia ukorofi wake, ndipo nikaanza kuhisi kuna mkono wa mtu, maana mama mkwe wangu hajawahi kuipenda hii redio.

Na hapa nisikufiche, mke wangu Flaviana yuko kwao Mbezi Luis, aliondoka kipindi hichohicho, ugomvi wa kawaida tu, yeye akitaka kuongea anachaguaga saa ile ninayosikiliza muziki, mie naongeza sauti kidogo nimalizie wimbo. Siku hiyo alikuwa ananieleza kitu, sikumbuki nini, nikaongeza sauti, kesho yake kaka yake Adelard akaja na kirikuu wakapakia vitu vyake. Sikumzuia, alichukua tu vile alivyopewa kwenye kicheni pati, zulia, mapazia, mito ya makochi na vitambaa vyake vya kufuma, hata yale makochi yenyewe kumbe walimnunulia mashangazi zake. Vyangu vyote kaviacha, meza ya kioo, viti vya plastiki, kabati la vyombo na redio. Hilo tumelimaliza kiutu uzima, silo ninalouliza. Ninachouliza, niiuze hii redio, au nitafute mtu wa kuiombea?

Polikarpo, Gongo la Mboto

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Polikarpo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimecheka, ya pili nimemwonea huruma mkeo. Na wewe nimekuonea, ila kidogo.

Redio yako ni nzima. Sebule yako ina marumaru chini, kuta tupu, madirisha matupu na kioo katikati. Sauti ikitoka kwenye spika haina pa kutua, inagonga ukuta, inagonga kioo, inakurudia wewe na hasira zake zote. Kwa Jabiri inatulia kwa sababu ya magodoro, na siku za mvua ilitulia kwa sababu ya mablanketi. Jibu umeliandika mwenyewe, hukulisikia kwa sababu ndiyo tabia yako. Mwache mama wa watu kule Mbezi, hajakufanya chochote. Aliyekuwa akiifanya redio yako iimbe ni Flaviana, na zulia lake, na hivyo vitambaa ambavyo sina shaka ulikuwa ukivilalamikia.

Najua sasa hivi unawaza kwenda kununua zulia. Kanunue, yamejaa madukani, na kelele itapoa. Kisha utakaa humo ndani peke yako na rumba yako safi, hakuna hata mtu wa kukwambia upunguze. Mkeo amekueleza jambo zito la kumhamisha nyumba, na wewe unaniandikia hulikumbuki. Wimbo uliokuwa unapigwa siku hiyo nina hakika unaukumbuka.

Sikiliza basi. Mpigie kwanza Adelard, umwombe uende kwao, usivamie nyumba ya watu kama mgambo. Tafuta mtu mzima wa upande wenu akusindikize. Ukifika mwamkie mama mkwe kwa heshima. Redio usiitaje kabisa, na usiulize zulia liko wapi hata kama umelikalia. Mwambie Flaviana, siku ile ulikuwa unaniambia kitu, naomba uniambie sasa. Halafu funga mdomo mpaka amalize, na usitazame saa, ana maneno ya miezi miwili.

Akimaliza akasema harudi, mwanangu, utakubali, hapo hakuna maombi. Akisema anarudi, kirikuu utakodi wewe, na zulia utalibeba wewe begani, si kaka yake. Na jioni ya kwanza akianza tu kuongea, nyosha mkono uzime. Kitufe kipo hapohapo mbele ya redio. Jabiri hakukuonyesha kwa sababu alidhani unakijua.