Moshi Umelala Bondeni, Yaya Zaina

Yaya Zaina,

Ni mimi Amisi, mudogo wako wa tumbo moja, yule uliyekuwa unasema mudomo wake unafika safarini mbele ya miguu. Kipwa imerudi. Mvua imekatika, majani yamekauka, na mutoto wako Mwajuma ameanza kukohoa kile kikohozi kilichokuondoa duniani. Chako kabisa, Yaya, na ule mulio wa filimbi kifuani. Niliposikia mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya natengeneza piki yangu ya abiria.

Unanijua. Mimi nimetembea! Kindu nimekaa, Bukavu nimekaa, Kigoma nimekula samaki mpaka muvuvi akaniita shemeji. Injini ya Kichina naifungua nimefunga macho. Lakini hewa, Yaya? Hewa haina nati wala buloni ya kukaza.

Nyumba yetu iko palepale chini, karibu na kijito. Masika hatuna shida: mvua inapiga, inaosha kila kitu, mutu anavuta pumzi mpaka tumboni. Kipwa ikifika, baridi ya asubuhi inashuka toka vilimani, inakuta moshi wa mashamba, wa tanuru za matofali, wa makaa, inaulaza kule Kasongo bondeni kama mugonjwa kwenye mukeka. Upepo wa kuuamsha hakuna. Unangoja jua lipande. Na watu wanapita wanasema, "Leo ukungu iko mingi." Ukungu gani unaonuka majani ya kuungua?

Tena lile neno la wazee halijafa: moshi ndio mama ya mvua. Eti unapanda, unakuwa wingu, wingu linazaa. Basi mvua ikichelewa, wanachoma zaidi! Nilikwenda kwa jirani yetu Papa Shabani kumuomba angoje kidogo, mutoto hapumui. Nikamwambia nimeona ziwa kwa macho yangu, mawingu yanatoka kwenye maji, hayatoki shambani kwake. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Amisi, wewe uliyekimbia darasa la nne, leo umekuwa mwalimu wa mawingu?" Kisha kicheko kikamuisha. "Na nisipochoma nitapanda wapi? Watoto wangu watakula nini?" Nikamuaga nikarudi nyumbani bila ubishi. Mimi! Ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Nikasema, basi, tukimbie. Nikamufunga Mwajuma mugongoni pangu kwa kikwembe chako, asianguke akisinzia, tukapanda na piki mpaka Kabambare kwa Shangazi Mariamu. Njiani tulikula vumbi mpaka meno yakawa mekundu. Lakini kule ni juu, upepo unatembea, na siku za kwanza, Yaya, alipumua! Alikimbiza kuku. Akaniuliza, "Mujomba, hii hewa ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu, nimeileta toka Bukavu, vuta bila woga.

Upepo ukageuka. Mume wa Shangazi alikuwa ameacha shamba lake bila kulitia moto, akisema, "Mutoto kwanza, muhogo utangoja." Mungu amubariki. Lakini ng'ambo ya mulima wawindaji waliwasha nyika, na moshi hauulizi njia. Filimbi ikarudi. Muganga wa pale alimupa dawa ya kupulizia kinywani, inamusaidia kidogo, kisha akaniambia, "Umupeleke mbali na moshi." Nikamuuliza, mbali wapi? Salamabila ni vumbi la machimbo. Nyangwe mutoni wanachoma. Kasongo ndiko tulikotoka. Akatazama dirishani. Nami nikatazama dirishani. Moshi tu.

Sasa nakuandikia nimekaa chini kwa Shangazi, Mwajuma ameegemea mugongo wangu, maana akilala chali anakabwa. Nasikia kila pumzi yake ikigonga uti wangu. Ikichelewa, kalamu inasimama.

Hapa imechelewa.

Imerudi.

Yaya, hewa siwezi kukuahidi. Ningekuwa na uwezo ningeenda kuikamata huko ziwani niilete kwa gunia. Nakuahidi hili tu: kipwa yote hii, na kila kipwa atakayokuwa hai, sisafiri. Piki nimemuachia rafiki. Mugongo wangu ndio ukuta wake. Watu wanasema Amisi ameota mizizi, acha waseme, mimi mwenyewe nimecheka.

Siku ile ya mwisho uliniambia, kwa kukatakata, "Umu... umutazame." Namutazama, Yaya. Ndiyo kazi yote iliyobaki mikononi mwangu, kumutazama.

Lala vizuri, Mungu akupe mahali pa kuvuta pumzi ndefu. Jana wingu moja lilikuja juu ya Kabambare, jeusi, zito, zuri kabisa. Mwajuma alitoka mulangoni akalipungia mukono kama mutu anayeita piki. Likatupita.

Mudogo wako,
Amisi