Pasi ya Mvuke, Ninunue Nisinunue

Jumanne, 4 Februari

Mashati matano ya mume wangu Hamza. Kanzu moja. Kanga jozi tatu za mama mkwe. Baibui langu bado. Blanketi limetandikwa sakafuni chumbani, pasi ina moto, na Nuru anatambaa. Namsogeza kwa mguu, anarudi. Miezi kumi, kasi ya panya.

Baibui nimelipiga mwisho, haraka haraka. Begani limebaki alama inayong'aa. Limeharibika. Roho imeniuma.

Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza mabaibui, kasema najitesa bure. Ninunue pasi ya mvuke. Ile kama jagi. Unatia maji, unatundika nguo ukutani, inatoa mvuke, mikunjo inashuka. Hakuna blanketi. Hakuna sakafu. Nimeitamani papo hapo.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia Hamza. Kasema tununue tu. Mume wangu kila kitu ni tununue tu.

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. "Nguo mnaitia mvuke kama mkate wa kumimina? Haya. Mtaila na chai." Hamza kacheka. Mimi sikucheka. Nimechoka. Siku mbili kila wiki niko nimeinama sakafuni, kiuno kinaniuma.

Lakini kanga za mama siwezi kuziacha na mikunjo. Nina mwaka na miezi minane nyumba hii. Tangu wiki ya kwanza nampelekea zimenyooka, zina joto, zimekunjwa vizuri. Hajawahi kulalamika. Sitaki aanze.

Alhamisi, 6 Februari



Asubuhi umeme umekatika katikati ya shati. Nimeiacha pasi hapo hapo, imelala juu ya shati. Sikuchomoa. Kila mtu mtaani hufanya hivyo, umeme si haupo? Nuru alikuwa amelala kitandani kwa bibi yake, bibi yuko jikoni. Nikatoka uani kuanua nguo. Mama Zuhura akapita. Hujambo, sijambo, mtoto mzima, mama mzima, za tangu jana. Salamu zetu haziishi. Huku nyuma umeme ukarudi. Sikujua.

Nimesikia harufu. Nimekimbia. Shati limeungua, blanketi linafuka moshi. Na Nuru hayuko kitandani. Kumbe kashajua kushuka kinyumenyume. Yuko chumbani kwetu, anatambaa kuufuata moshi. Kutoka mkono wake mpaka pasi ni shubiri moja. Moja.

Hakuguswa. Alhamdulillahi. Hakuguswa hata unywele.

Nimemkumbatia nikalia. Yeye anacheka, ananivuta sikio. Kosa ni langu. Si la umeme.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemweleza Hamza asubuhi. Sikupunguza kitu. Kambeba Nuru muda mrefu. Halafu kasema, "Leo leo nainunua hiyo ya mvuke." Nimemwambia angoje. Tuazime kwanza, tuijaribu.

Mama Zuhura kaileta yake mwenyewe. Baibui dakika mbili tu, limeshuka kama maji. Nilitaka kuibusu ile mashine. Tukaja kwenye kanzu. Pamba nzito. Mvuke, mvuke, mvuke. Imelowa, mikunjo iko palepale.

"Kanzu inataka pasi, Mama Nuru, nisikudanganye," kasema. "Mimi nauza mabaibui."

Halafu ikatema maji ya moto. Matone mawili mkononi mwangu. Nikatazama chini. Nuru ameshika waya, anajivuta asimame. Nimeuchomoa hapo hapo.

Kwa hiyo moto ni uleule. Umepanda juu tu, na waya umebaki chini kwa mtoto.

Hamza kaenda msikitini na kanzu mbichi. Karudi anasema rafiki yake kamuuliza amenyeshewa wapi, na jua hili.

Jumamosi, 8 Februari

Nimesema. Wakati wa chai, Hamza na mama mkwe wamekaa, nimesema bila kuzunguka.

Hatununui. Na pasi ya sakafuni imekwisha. Hamza atapiga mashati yake mwenyewe, Jumapili, juu ya meza ya kulia. Mlango umefungwa, mtoto yuko nje na mimi. Akimaliza anachomoa, anaiweka juu ya kabati. Umeme ukikatika, anachomoa vilevile.

Hamza kasema sawa. Basi. Sawa.

Nikamgeukia mama. Nikamwambia, nisamehe mama, kanga zako nazo siwezi tena.

Kanitazama. "Kanga zangu? Mwanangu, nani alikwambia mimi nataka kanga zipigwe pasi?"

"Nakuletea tangu nimeingia hapa, mama. Hukukataa."

"Ningekataaje? Nilisema ndivyo alivyofunzwa kwao, nisimvunje moyo bi harusi. Joto lote hili la Tanga, we waniletea kanga ya moto! Huzipepea kwanza chumbani ndiyo nizivae."

Hamza kacheka mpaka kaweka kikombe chini. Mimi nimecheka, machozi yakanitoka. Mwaka na miezi minane! Mimi namwogopa, yeye ananionea haya. Tungezeeka hivyo hivyo.

Kisha mama kasogea karibu yangu, kasema polepole kwamba juzi alisikia harufu ya kuungua. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Nimemweleza yote. Hakunigombeza. Kasema tu, "Umeme ukikatika, chomoa." Ndiyo, mama.

Jumanne, 11 Februari

Mchana. Mama yuko uani, kanga yake ina mikunjo kila upande, anaimba.

Mama Zuhura kakubali kunyoosha baibui langu kwake, siku za harusi tu. Hiyo mashine tutaifikiria Nuru akishajua kukatazwa.

Nimejinyoosha kitandani. Sakafu ni tupu. Nuru katambaa kutoka ukuta mpaka ukuta, kagusa kila pembe, karudi. Sikumwita hata mara moja.