Pikipiki Nisiyowahi Kuipanda

4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. U hali gani, na mama anaendeleaje na magoti yake? Mimi mzima, ila macho yameanza kunidai miwani. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni mpaka nizuie pumzi.

Najua umeshangaa. Miaka mitano tangu niachane na kaka yako, sijakuandikia hata mstari. Nilipiga namba yako ya zamani, akapokea mwanamume mwenye kikohozi, akaniambia yeye si wifi wa mtu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Niliomba mkopo benki ninunue mashine ya kufumia sweta. Shule mbili zimekubali niwafumie, na muuzaji ananishikia mashine hadi mwisho wa Machi. Benki wamenikatalia. Nikachukua ripoti yangu ya mikopo, nikakuta nadaiwa pikipiki! Mkopaji ni kaka yako, na mimi nimeandikwa mkopaji mwenza, mkewe, miaka miwili baada ya talaka. Tangu mwaka jana hajalipa hata senti. Wanasema yaliyopita si ndwele, lakini haya yangu yana namba ya mkopo na riba juu. Nimeshaandika pingamizi. Nisaidie kumpata kaka yako aseme ukweli, maana kwangu hapokei simu.

Bado unaimba ukifua? Mimi bado nakata umbo la nguo kwenye magazeti makuukuu kabla ya kugusa kitambaa, lakini hakuna wa kunisomea habari zilizokatwa kwa umbo la mkono wa shati.

Wifi yako

15 Februari

Wifi yangu wa kufa na kuzikana,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mboga ikaungua. Hujambo lakini? Sisi hatujambo. Magoti ya mama ni yale yale, ila ulimi umeongezeka nguvu.

Kaka anaendesha lori. Nyumbani anakuja kama mgeni, simu leo iko hewani, kesho haipo. Nitamtafuta. Ila usijisumbue mno na watu wa ripoti. Mimi nimekaa masjala miaka kumi na minne, karatasi nazijua. Nyingine ukizipa muda zinajirekebisha zenyewe.

Unakumbuka ile habari ya harusi gazetini? Nilisoma mpaka bwana harusi anafungua mlango, ikaishia kwapani. Nusu nyingine ulikuwa umeibana kwa pini kwenye kitambaa cha mteja, ukakataa kuibandua. Mama alitukuta chini tumelazwa na kicheko, akauliza nani kafa. Nyumba hii haijacheka hivyo tena.

Namba yangu mpya iko hapo chini, lakini tuandikiane tu. Kwa simu tutacheka na jambo halitasemwa.

Wifi yako

2 Machi

Wifi,

Leo sikusalimii.

Ofisi ya mkopo wamenionyesha nakala ya fomu. Chini kuna sahihi ya kaka yako, imelala upande kama kawaida yake. Penye sahihi yangu patupu, na hakuna aliyejali. Lakini jina langu, namba ya kitambulisho changu na neno "mke", vyote ni mwandiko wako. Nilikuwa na barua yako mkobani. Nikaitoa, nikailaza pembeni ya fomu. Hata mtoto wa chekechea angeona.

Afisa akaniuliza kama namjua aliyejaza. Nikasema simjui. Nimesema uongo kwa ajili yako na mpaka sasa sijui kwa nini.

Hati ya talaka niliwapa. Wanasema haitoshi, watu huachana wakarudiana. Wanataka maelezo ya aliyejaza ile fomu, kwa maandishi, na afike mwenyewe. Zimebaki wiki nne. Na wewe ulijua yote hayo ukiniandikia habari za harusi na kwapa!

Mimi

13 Machi

Kimya. Muuzaji amenipigia, kuna mwingine anaitaka mashine na pesa anazo mkononi. Mwalimu mkuu wa shule moja naye ameuliza kama kweli nitaweza. Nimemwambia nitaweza. Nimesema uongo mara ya pili mwezi huu.

Kama huji, niambie huji.

21 Machi

Wifi,

Salamu naziandika hata kama hutazipokea. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeumbuka.

Kaka alikuja na fomu tupu ya pikipiki, pamoja na ile ya mkopo wenu wa kwanza, wa kitanda na kabati. Akasema nakili kama ilivyo, yeye anawahi safari. Sisi masjala ndivyo tulivyofunzwa: nakala ni nakala, usiongeze, usipunguze. Lakini nisijifiche hapo. Nilipofika penye "mke" nilisimama. Nilijua napaswa kuandika "hana". Mkono ukakataa. Mama alikuwa bado anakuita wewe akitaka chumvi, halafu anainuka kuifuata mwenyewe. Nikaandika jina lako, nikaona kama umerudi jikoni kwa dakika mbili. Sikuwaza kwamba kuna siku jina hilo litadaiwa pesa. Nisamehe.

Niliogopa kazi yangu, ndiyo maana nilinyamaza. Juzi nikamwendea mkuu wangu nikasema yote. Ameniandikia onyo, na kwa kuwa mafaili ni kazi yangu, nimelifungia mwenyewe kwenye faili langu.

Jana nimekwenda ofisi ya mkopo. Afisa akanitajia la kuandika: kwamba nilijaza jina lako bila idhini yako, na kwamba "mtajwa hana uhusiano wowote na familia yetu." Nikauliza, hiyo ya mwisho ni lazima? Akasema bila hiyo hawakufuti. Karatasi mbili ziliharibika kwa machozi. Ya tatu nimeiandika, wifi, kwa mkono ule ule.

Kaka nimempata. Anasema atalipa. Nitaamini nikiona.

Mkosefu wako

30 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Na onyo lako halijambo huko failini?

Nimefutwa. Ripoti imetoka safi, benki wamekubali, na mashine naichukua kesho, siku ya mwisho kabisa. Hasira nilikuwa nayo, tena ya kutosha watu watatu. Nikapewa nakala ya maelezo yako niipeleke benki pamoja na ripoti. Ule mstari wa mwisho niliusoma nimesimama kaunta, nikaurudia tena. Nilidhani nimeshazoea kutokuwa wa kwenu. Sijazoea. Nakukumbuka wewe kuliko ninavyomkumbuka kaka yako, na hilo usimwambie.

Kabla ya kutoa pesa, karani wa benki alinipa fomu moja zaidi. Inataka mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na lolote. Nikaandika jina lako na namba yako. Penye uhusiano nikaandika "wifi".

Karani akaisoma. Akafungua faili, akasoma na maelezo yako, akaniangalia.

"Mama, mbona hapa imeandikwa hamna uhusiano?"

Nikamwambia hiyo ilikuwa ya pikipiki, yeye agonge muhuri.

Akagonga.

Wifi yako