Ratiba Juu Yetu

Jumamosi, 1 Mei 2004

Kazi mpya! Dokta Fahd kaniita hata kahawa sijamaliza. Chuo kinataka diploma ya watu walio kazini tayari, si ya watoto waliotoka skuli na mabegi mapya. Waajiri wamechoka, wanasema tunawapelekea vijana wenye vyeti wasiojua pa kuanzia. Basi safari hii tuanze na waajiri wenyewe. Tuwaulize wanataka nini, ndipo tutunge masomo. Tutaanza na kampuni moja ya maghala ya baridi pale soko kuu la matunda na mboga, Mawaleh. Mpangaji wa masomo: mimi.

Dokta Fahd ndiye mkuu wetu. Mama yake alizaliwa Tabora, kwa hiyo Kiswahili kakinyonya, lakini ofisini anakificha kama mtu mwenye soksi iliyotoboka. Humtoka kwa mambo mawili tu: akikasirika sana au akifurahi sana. Leo ilikuwa Kiarabu mwanzo hadi mwisho.

Ati hii ni fikra mpya kutoka Ulaya. Mpya! Nilicheka peke yangu garini. Ualimu wangu niliusomea kwetu Unguja, kabla sijahamia huku kwa Waarabu, hivi hivi: asubuhi tukisomesha, mchana tukisomeshwa. Bi Zuwena, mwalimu wetu, akiandika ratiba ubaoni kwa chaki, mwandiko wake mzuri ungeweza kuutia kwenye fremu. Siku nyingine ratiba ilisema "sokoni", nasi haoo, tunakwenda Darajani na watoto kufundisha hesabu kwa mafungu ya muhogo. Siku moja mkaguzi wa skuli alikuja akakuta viti vitupu na ubao umeandikwa: Darasa liko sokoni. Iliishaje? Nimekamua kichwa njia nzima mpaka nyumbani. Sikumbuki.

Jumatatu, 3 Mei

Mawaleh alfajiri. Harufu ya embe na dizeli. Nimerudi na jani la kotmiri kwenye kiatu.

Bwana Saeed, meneja wa maghala, ni mtu wa mji wa Sohar, tumbo mbele, maneno machache. Vyuo havipendi. Anasema: nawapeni mfanyakazi, mnanirudishia mkurugenzi. Nikamuuliza basi anataka mtu wa namna gani. Kafikiri, kasema: nataka mtu anayejua kukataa. Lori likija na mzigo ulioharibika, amkabili dereva, amwambie rudi nao, na aandike kwa nini, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, ili nisishindwe mbele ya muuzaji. Ndiyo hayo tu.

Nimeipenda! Diploma ya kukataa.

Nikiwa naondoka, msichana wa ukaguzi wa mizigo akanifuata mbio, koti la baridi juu ya abaya. Balqees. Mama yake wa kwetu Unguja. "Shikamoo Bi Sabah. Ati hii kozi ya kweli, au maneno tu?" Anakaa Al Amerat, nyuma ya milima, watoto wawili. Mara mbili kajaribu masomo ya jioni, mara mbili kaacha. Akitoka kazini ashapitiwa na usingizi kwenye usukani. "Ikiwa hapa hapa kazini, miye nnaiweza," kasema. "Ikiwa jioni, usinitie jina."

Nimemwambia ni ya kweli. Sasa itabidi iwe.

Jumatano, 12 Mei

Rufus kahamia mezani kwangu na mafaili yake yote. Ni Mkenya, anasomesha mambo ya vyakula, kijana mchapa kazi, anaimba nyimbo za kanisa akidhani hatumsikii. Kiswahili chake kinanitia wazimu. "Madam, hii kitu itawork," anasema. Namwambia hiki, Rufus, kitu hiki. Anasema sawa Madam, hii kiko sawa. Makusudi!

Lakini kichwa anacho. Tumekubaliana: nusu ya alama zitoke kazini kwenyewe. Mwanafunzi akikagua mzigo, hiyo ni kazi ya darasa. Msimamizi wake wa ghala atampima pamoja na sisi. Na darasa liwe juu ya ghala, chumba kile chenye viti vibovu, soko likishapoa saa nne asubuhi.

Nimeichora ratiba kwa mkono, kwa penseli za rangi. Rufus kauliza kwa nini nisitumie kompyuta. Bi Zuwena naye alikuwa na chaki za rangi, akizificha kwenye kopo la maziwa tusiziibe.

Jumamosi, 15 Mei

Alhamdulillah! Alhamdulillah!

Mkutano Mawaleh. Dokta Fahd, mimi, Rufus, na Bwana Saeed na watu wake. Nilisema mimi, kwa Kiarabu. Mwanzo Bwana Saeed uso umekunjika. Kauliza: na saa hizo watu wangu wakiwa darasani, nani atabeba mzigo? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hatutamvurugia kazi, er-ratiba aleyna, ratiba juu yetu. Kauliza: juu yenu? Nikasema ndiyo. Kauliza: yote? Nikasema yote, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho!

Uso ukafunguka. Akanyanyuka, akanipa mkono wa heshima, ikaletwa halwa, ikaletwa kahawa. Wafanyakazi wake wote wa ukaguzi atawaandikisha, kasema, na wa ghala la vitunguu pia.

Garini Dokta Fahd kasema, "Umewaweza, Bi Sabah! Umewaweza!" Kiswahili! Nikatazama dirishani asinione nacheka.

Balqees kanipigia simu jioni. Kashamwambia mumewe, kashamwambia na mama mkwe. Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake. Nimekaa na furaha yangu barazani, joto limenata lakini sitaki kuingia ndani. Bi Zuwena angekuwa hai ningempelekea hii ratiba, na rangi zake zote.

Jumanne, 18 Mei

Ya Rabbi. Ya Rabbi nistiri.

Bwana Saeed kampigia Dokta Fahd. Anauliza kwa adabu: mishahara ya wafanyakazi wake kwa zile saa za darasa, chuo kitaleta mwanzo wa mwezi au mwisho?

Mishahara!

Ratib. Kwao ratib ni mshahara. Najua! Nimelisikia neno hilo kila mwezi tangu nije nchi hii! Lakini pale mezani, na furaha ile, ulimi ukarudi Unguja, nikasema ratiba nikimaanisha ratiba. Yeye kasikia mshahara juu yetu. Wote. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Ndiyo maana halwa.

Dokta Fahd kafunga mlango. "Ratiba! Ratiba gani tena, Bi Sabah! Umetutia aibu!" Kiswahili, na si cha furaha.

Rufus kacheka mpaka kavua miwani. Halafu kaona uso wangu, kaenda kuniletea chai.

Jumatano, 19 Mei

Karibu miaka thelathini niko hapa. Bado.

Nimemkumbuka marehemu Hamdiya. Mwaka sabini na tano, mtaa wa Ruwi, tulikaa dawati moja, mimi na yeye. Asubuhi tupo wizarani tunapiga chapa, jioni tunasoma Kiarabu cha watu wazima, magoti hayaingii chini ya madawati ya watoto. Feni moja, nayo ikimpepea mwalimu. Tukikosea, watoto madirishani wanacheka. Hamdiya akisema: Kiarabu chetu na Kiswahili vimesafiri meli moja, vikachanganya mizigo. Tukacheka sisi zaidi kuliko wanaotucheka. Nilipenda zile jioni. Nilichoka nazo na nilizipenda. Tukitoka tunanunua mishkaki barabarani, tunakwenda tukisahihishana.

Leo sina wa kucheka naye.

Jumamosi, 22 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Saeed. Nimemweleza. Neno moja, lugha mbili. Hakucheka. Anadhani nimemtega ili anipe mkono mbele ya watu wake. Kasema hawezi kumlipa mtu asiyefanya kazi, na hawezi kuwaacha wasome lori likiwa mlangoni. Kahawa haikuja.

Dokta Fahd naye, aliyefuatana nami, kasema kwa Kiarabu kilichonyooka: tuifanye jioni, chuoni, kama kozi nyingine. Khalas, imekwisha.

Balqees alikuwa ngazini, kasikia yote. Kaniambia, "Basi Bi Sabah, usijali. Wengine watasoma." Akarudi kwenye baridi yake. Angenigombeza ningefarijika. Roho inaniuma.

Jumatatu, 31 Mei

Naenda Mawaleh kila siku. Nakaa tu. Bwana Saeed ananipita kama nguzo.

Leo nimeona! Wafanyakazi wanasubiri. Soko likishapoa, malori ya Dubai hayajafika, wale wa ukaguzi wanakaa juu ya makreti, wanachezea simu, wanasinzia. Siku nyingine saa nzima, siku nyingine asubuhi yote. Na wako kazini, kwa mshahara ule ule! Hakuna anayehitaji kulipa kitu. Saa zenyewe zipo, zimelala tu.

Mimi nilichora ratiba ya saa nne kamili halafu nikataka soko liifuate. Bi Zuwena alifanya kinyume chake. Alitazama kwanza watoto wanakwenda wapi, ndipo akashika chaki.

Ratiba ifuate malori. Lori halijaja, tunasoma. Lori likija, tunakatiza.

Rufus kasema, "Madam, hapo sasa umeongea."

Jumanne, 8 Juni

Bwana Saeed kasikiliza amesimama. Kauliza mara tatu: lori likiingia, darasa linakatika? Linakatika, nikasema. Kanitazama sana. Kauliza tena: na er-ratiba? Nikadhani ananikejeli. Kumbe ananiuliza kweli, ratiba ataiona lini! Kalichukua neno letu, kalitumia tunavyolitumia sisi. Nimeikunjua mezani mbele yake na rangi zake zote. Kasema atajaribu siku moja. Kahawa ilikuja.

Dokta Fahd ndiye mgumu. Baraza la chuo linataka saa za darasa zinazohesabika, si saa za kusubiri vitunguu. Mwisho kakubali hivi: muhula ukianza, atakuja siku moja kuona kwa macho yake. Akikuta watu wanasoma, ataitetea barazani. Akikuta hawasomi, jioni, chuoni, na nisilirudie tena.

Nimemwambia Balqees. Kanibana mkono, vidole vimeganda kwa baridi.

Jumamosi, 4 Septemba

Naandika hapa hapa, chumba cha juu ya ghala.

Walikuja wote! Balqees kaketi mbele, daftari jipya, kalamu mbili. Nimeandika ratiba ubaoni. Rufus kaanza vizuri, somo la kukagua nyanya, namna joto la mzigo linavyopimwa katikati na si mlangoni. Wanauliza maswali! Mzee mmoja wa vitunguu alibishana naye mpaka wote wakacheka. Nikajisikia niko Ruwi, nikatazama pembeni kumtafuta Hamdiya.

Halafu honi. Lori. Mapema, kabla ya siku zote. Bwana Saeed mlangoni, kanitazama mimi. Ahadi ni ahadi. Nikasema inukeni.

Wakashuka wote. Rufus kageuka ngazini: "Madam, si hii ndiyo practical yenyewe?" Akakamata kipimajoto, akawafuata mbio.

Na Dokta Fahd kapiga simu, yuko njiani, kashapita mzunguko wa barabara wa Burj as-Sahwa, karibu kabisa na hapa. Anakuja kuona darasa. Viti vitupu!

Nilitaka kukimbia. Wallahi nilitaka. Halafu nikashika chaki. Nimefuta kila kitu, nimeandika kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili sijui kwa nini: Darasa liko kwenye lori.

Iliishaje, Bi Zuwena? Mkaguzi alifanya nini? Alikwenda Darajani au alirudi ofisini kuandika? Nikumbushe jamani.

Ngazi zinalia. Ni yeye, Dokta Fahd.

Kasimama mbele ya ubao. Kasoma juu, kasoma na chini. Hakunisalimu. Sasa yuko dirishani, kanipa mgongo, anatazama uwanjani. Naandika ili niwe na cha kushika.

Kutoka hapa nami naona. Makreti ya nyanya yamefunguliwa. Dereva anapunga mikono, anapayuka. Balqees kasimama mbele yake, kipimajoto mkononi, Rufus nyuma yake. Balqees anatikisa kichwa. Dereva anapayuka zaidi. Anatikisa kichwa tena, anafungua daftari jipya, anaandika. Bwana Saeed kafunga mikono juu ya tumbo lake, anatazama, haingilii.

Dokta Fahd kasogea karibu na kioo.

"Maajabu haya, Bi Sabah," kasema.

Kwa Kiswahili. Cha hasira, au cha furaha? Bado kanipa mgongo, uso siuoni.