Salamu ya Sungura

Mapera, Mbinga
14 Septemba 1997

Kwako Kunigunda, kitindamimba wangu,

Kikohozi changu kimepungua. Kahawa tumemaliza kuchuma, na siku hizi wanunuzi binafsi wanapigana vikumbo uani kwetu.

Fakihi, yule mwenye duka mjini, amenunua televisheni na video. Jumapili baada ya misa alituwekea ile kanda ya katuni uliyotuma. Mwanangu, kumbe kumsemea mnyama wa kuchorwa ni kazi hasa! Niliijua sauti yako kwa neno la kwanza. Sungura anacheka vile vile ulivyokuwa ukicheka ukiiba karanga jikoni.

Baba yako naye alikuja, eti amefuata misumari. Nikuambie ukweli: tangu ulipoacha utawa ukaenda studio, hajaitikia salamu zako. Nikimsomea "mpe baba shikamoo," huinuka akaenda kuangalia nguruwe. Miaka mitatu nimekuwa nikikuandikia kwamba anaitikia. Unisamehe.

Basi sungura akabisha hodi kwa mzee tembo, akasema, "Shikamoo, baba." Tembo hajafungua mdomo, baba yako akaitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu."

Duka zima likacheka. Yeye hakucheka. Akamwambia Fakihi, "Hebu rudisha nyuma kidogo."

Fakihi akarudisha. Sungura akaamkia tena, na baba yako akaitikia tena, safari hii polepole.

Misumari ameisahau pale pale dukani. Anasema ataifuata Jumapili ijayo.

Mama yako,
Restituta